Bahari ya Epeli Hauʻofa: kutoka Auckland hadi Tongatapu

Ijumaa, Ōtāhuhu

Mzee ninayefanya naye zamu ya usiku kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege wa Auckland, New Zealand, amenialika faikava. Ni kikao cha kunywa kava, na kwa Watonga wa mji huu, watu wa visiwa vya Tonga kule Pasifiki, ndiyo baraza, ndiyo klabu, ndiyo mahali pa kuchangishana. Tulikuwa wanaume tupu ndani ya gereji, viatu vyote mlangoni, tumeketi juu ya mikeka iliyotandikwa kwenye saruji. Katikati palikuwa na bakuli la mbao lenye miguu, limejaa maji ya rangi ya udongo. Mzizi wa kava hukaushwa, ukatwangwa, ukakamuliwa kwenye maji baridi. Hamna pombe ndani yake. Kifuu cha kwanza kinatia ulimi ganzi, vinavyofuata vinalegeza magoti, na baada ya hapo mtu hapandishi sauti hata akiudhiwa.

Baridi ya Julai ilikuwa ikipenya chini ya mlango wa bati. Dereva wa lori aliyekaa ubavuni mwangu akaanzisha wimbo wa kanisani, wenzake wakadaka sauti ya pili, ya tatu na besi bila mtu kupanga. Kati ya wimbo na wimbo ndipo habari zinapopita: nani kafiwa, nani kapata kazi, na karo ya watoto wa Toloa imefikia wapi. Toloa ndivyo wanavyoiita Tupou College, shule ya bweni ya wavulana kule Tongatapu, kisiwa kikuu cha Tonga, iliyoanzishwa 1866. Waliosoma hapo wametapakaa dunia nzima na bado wanaichangia.

Nilipowaeleza safari yangu, kijana mmoja anayesoma shahada ya uzamili alicheka. "Unamfuata Epeli? Epeli kafariki tangu 2009."

"Najua. Nataka kuona alipofanyia kazi."

"Basi anza na hiki, mwanangu," mzee akasema, akanisogezea kifuu.

Sikubisha. Jarida la fasihi alilolihariri Epeli Hauʻofa pamoja na mkewe Barbara mjini Nukuʻalofa, mji mkuu wa Tonga, mwishoni mwa miaka ya 1970, liliitwa Faikava.

Kwa msomaji asiyemjua: Hauʻofa, mwandishi na mwanaanthropolojia, alizaliwa Papua mwaka 1939, mtoto wa wamisionari Watonga. Akasoma Papua, Tonga na Fiji, kisha Australia, kisha Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, akarudi Australia kufanya udaktari wa anthropolojia Canberra kuhusu watu wa Mekeo wa Papua Guinea Mpya. Alifanya kazi ikulu ya Tonga, halafu mwaka 1983 akaenda Suva, mji mkuu wa Fiji, kufundisha, na Suva ndiko alikofia. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo kwao ni wapi, jibu litachukua jioni nzima. Nadhani ndiyo maana aliona kitu ambacho wataalamu wa visiwa vidogo hawakukiona.

Jumamosi, Ōtara na Ōtāhuhu

Soko la Ōtara linaanza alfajiri kwenye maegesho ya magari na mchana wanakunja. Nilifika mapema kwa ajili ya magimbi. Yapo ya kila ukubwa, na viazi vikuu virefu kama mkono wa mtu mzima, na majani ya magimbi yaliyofungwa mafungu mafungu. Majani hayo ndiyo lū: unayapanga kiganjani, unatia nyama ya kopo, kitunguu na tui zito, unafunga, unaoka. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kula hicho chakula. Anaweza kushangaa tu kwamba wameweza kuishi bila pilipili.

Saa nne nikaenda nyumbani kwa mzee. Mkewe, ambaye namwita mama, alikuwa na wenzake wa kanisani katika gereji ileile ya jana, sasa haina harufu ya kava. Walikuwa wakitengeneza ngatu. Kule Tonga ngatu ni gome la mforosadi wa karatasi: linabanduliwa, linagongwa kwa nyundo ya mbao hadi linapanuka na kuwa jembamba, vipande vinaunganishwa. Auckland gome ni adimu, kwa hiyo kinamama wanatumia kitambaa cheupe cha kiwandani, kile mafundi cherehani wanachoweka ndani ya kola. Wamekaa pande mbili za meza ndefu yenye mgongo. Juu ya meza kumefungwa vibao vyenye michoro, kitambaa kinatandazwa juu yake, na kila mwanamke anasugua sehemu yake kwa kitambaa kilicholowekwa rangi ya kahawia hadi mchoro unajitokeza. Kisha wanavuta kwa pamoja, hatua moja, wanaanza tena. Anayechelewa kuvuta anataniwa.

Ukweli ni kwamba nilitarajia mtu aseme hii si ngatu halisi. Nikauliza kwa adabu. Mama akaniangalia.

"Ikifika msibani, nani atauliza imetokana na mti gani? Wataangalia urefu."

Pembeni lilisimama pipa la plastiki la buluu. Linajazwa kwa wiki kadhaa kabla halijapakiwa kwenye kontena. Niliona linavyofungwa, na hiyo ni taaluma. Mchele chini, sukari juu yake. Sabuni ndani ya sufuria, mbali na unga, isije ikanukisha. Soksi ndani ya viatu vya raga, viatu ndani ya ndoo, ndoo inajazwa nyama ya kopo. Nepi pembeni zizuie visicheze. Juu kabisa madaftari, kwa sababu mfuniko ukivuja ni heri daftari lilowe kuliko unga, ingawa mpwa atakayelipokea huenda ana maoni tofauti.

Watu wengi wakiliona pipa hilo wanasema: msaada. Wataalamu wawili wa Wellington, Bertram na Watters, mwaka 1985 waliandika kwamba nchi ndogo za Pasifiki zinaishi kwa uhamiaji, fedha zinazotumwa na jamaa, misaada na ajira za serikali. Hesabu zao hazikuwa za kubuni. Hata leo fedha za jamaa walio nje ni zaidi ya theluthi moja ya pato la taifa la Tonga. Hauʻofa aliipinga picha iliyotokana nazo, ya watu wanaosubiri kulishwa. Alisema waliobaki nyumbani nao wanatuma: mikeka, ngatu, kava, viazi vikuu, tena wanatunza ardhi na nyumba ambazo aliyeko ng'ambo atazirudia au atazikwa karibu nazo. Nyuma ya lile pipa, kwenye rafu, niliona robota za mikeka ya majani ya mkadi zilizotoka Vavaʻu, huko Tonga. Gereji hii ni bandari, inapokea na kupakia.

Jumapili, Māngere

Kanisani saa nne asubuhi. Wanaume wamevaa sketi za suti na taʻovala, mkeka uliofungwa kiunoni kwa kamba ya nazi. Mikeka mingine imechakaa hadi kingo zimekuwa nyuzi, na hiyo ndiyo yenye heshima kubwa, kwa kuwa imerithiwa. Kwaya sitaieleza, ningemaliza ukurasa.

Michango inatajwa hadharani, familia kwa familia, na kuna sikukuu ya kila mwaka ya kutoa, misinale, ambayo watu huikopea. Hapa nami nina neno. Namfahamu baba mmoja anayefanya kazi mbili na kulala kwa saa nne tu ili jina la ukoo lisisomwe na kiasi kidogo. Hauʻofa aliandika vizuri kuhusu ukubwa wa ulimwengu wa Watonga. Kuhusu migongo inayoubeba ulimwengu huo angeweza kuandika zaidi.

Baada ya ibada bibi mmoja alinisimulia miaka ya 1970. Viwanda vya Auckland viliwaita watu wa visiwani kwa miaka mingi vilipokuwa na njaa ya vibarua. Uchumi ulipoyumba, kuanzia 1974 polisi na maofisa uhamiaji wakawa wanavamia nyumba zao alfajiri wakidai pasi za kusafiria. Utafiti wa miaka ya 1980 ulikuja kuonyesha kwamba watu wa Pasifiki walikuwa kama theluthi moja tu ya waliopitiliza muda wa viza, lakini walikuwa asilimia 86 ya walioshitakiwa. Wengine wengi walikuwa Waingereza na Wamarekani, ambao milango yao haikugongwa. Bibi anakumbuka tochi, na baba yake akitafuta suruali gizani.

Tarehe 1 Agosti 2021, katika ukumbi wa Auckland Town Hall, waziri mkuu Jacinda Ardern aliomba radhi rasmi. Kabla ya kusema alikaa akafunikwa mkeka mkubwa mweupe, kwa desturi ya Wasamoa ya mkosaji anayengoja kusamehewa, kisha mkeka ukaondolewa. Bibi aliliona kwenye televisheni. "Nililia," akasema, "halafu nikakumbuka kwamba baba hayupo, nikaacha."

Jumatatu, barabarani Fiji

Auckland hadi Nadi kwa ndege ni mwendo wa saa tatu, kisha basi la pwani hadi Suva. Miwa, Sigatoka, mvua, mvua zaidi. Dereva alikuwa na kaseti moja tu.

Jumanne, Suva

Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini kilianzishwa 1968 kwenye eneo la Laucala Bay, iliyokuwa kambi ya ndege za majini za jeshi la anga la New Zealand. Kinamilikiwa na nchi 12 za visiwa kwa pamoja. Ni jambo ambalo mtu aliyezaliwa baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1970 analitazama kwa wivu kidogo: sisi tulikuwa nchi tatu tu, tukagawana.

Hapa Hauʻofa alikuwa mkuu wa idara ya sosholojia. Kwa miaka alifundisha kama wote walivyofundisha: visiwa ni vidogo, maskini, vimetengwa, havitajitegemea. Kisha, kama alivyoeleza mwenyewe, akaanza kuzitazama nyuso za wanafunzi wake alipokuwa akisema hayo. Vijana waliokuja kutafuta elimu ya kujenga kwao walikuwa wananywea mbele yake. Akajiuliza anawafanyia nini. Mwaka 1993 alialikwa Hawaii kutoa mihadhara, akapita kwa gari kutoka Kona kwenda Hilo, kwenye kisiwa kikubwa ambacho wakati huo kilikuwa kinakua kwa lava iliyokuwa ikiingia baharini. Njiani hoja ikamjia.

Makala iliyotoka mwaka huohuo, "Our Sea of Islands", inasema hivi kwa ufupi: ukipima nchi kavu peke yake, Tonga ni nukta. Lakini nani alisema mpime nchi kavu? Mababu walipima bahari, na bahari ilikuwa njia, shamba na ujirani. Watonga, Wafiji na Wasamoa walioana, wakabadilishana mitumbwi, mikeka na manyoya mekundu, mpaka wakoloni wa karne ya 19 walipochora mipaka na kuwafungia watu ndani. Baada ya uhuru watu wakarudia safari zao, safari hii kwa ndege, hadi Auckland, Sydney, Honolulu na Salt Lake City. Hawakukimbia udogo. Walikuwa wanaupanua ulimwengu wao tena. Mfano wake ni Mtonga wa Berkeley, California, anayekuja Fiji kununua kava ya kuuza kwao, anapita Tonga, kisha anarudi na masanduku ya barafu yaliyojaa vyakula vya baharini. Nikamkumbuka mama na pipa lake.

Wapo wenzake chuoni waliomjibu kwamba anaota ndoto nzuri mchana. Sishangai. Alikuwa pia mtani. Katika hadithi zake za 1983 kuhusu kisiwa cha kubuni cha Tiko, anayechekwa zaidi ni mtaalamu wa maendeleo anayeshuka na mkoba, na mwenyeji anayejua mkoba huo unafunguliwaje. Mtu aliyewatania wakubwa namna hiyo hawezi kuaminiwa haraka anapoanza kusema kwa dhati.

Mwaka 1997 akaanzisha hapahapa Kituo cha Oceania cha Sanaa na Utamaduni. Hakutaka kiwe darasa. Wachoraji, wachongaji na wachezaji ngoma walikuja kufanya kazi, wengi hawana vyeti, na hapo likazaliwa kundi la wachoraji la Red Wave. Mchana wa leo kijana mmoja alikuwa anachonga gogo barazani, vipande vya mbao vinarukia viatu vya wapita njia. Nilisimama karibu. Alikuwa anatoa jicho la kasa kwa patasi nyembamba, anapuliza vumbi, anapapasa kwa kidole gumba, anarudia. Hakuniuliza natoka wapi hadi alipomaliza jicho.

"Tanga? Ipo bahari gani?"

"Ya Hindi."

"Nayo inafika," akasema, akageuza gogo kutafuta jicho la pili.

Jumatano, Wainadoi

Nimepanda basi hadi Wainadoi, nje ya Suva, ambako Hauʻofa alikuwa na shamba. Sikuingia kwa mtu. Milima ya kijani, mvua ya kawaida ya hapa, mbwa. Jioni nikakaribishwa kava ya Kifiji: unapiga kofi moja la viganja vilivyokunjwa kabla ya kupokea kifuu, na matatu baada ya kukimaliza. Kava ileile, adabu nyingine.

Alhamisi, kuingia Tonga

Saa inasogezwa mbele saa moja. Dirishani Tongatapu ni bapa, haina mlima, minazi imepangwa mistari. Dereva wa teksi alinionyesha ufukwe wa magharibi uliofagiliwa na tsunami ya Januari 2022, baada ya volkano ya Hunga Tonga–Hunga Haʻapai kulipuka chini ya bahari. Majivu yalifunika kila kitu na kebo ya mawasiliano ikakatika kwa zaidi ya mwezi. Kule Auckland, mzee wangu alikaa siku kadhaa bila kujua kama dada yake yu hai. Watu walipanga foleni za magari katika uwanja wa Mt Smart wakiwa na mapipa ya maji na chakula, wengine kabla hawajasikia sauti ya jamaa hata mmoja.

Tonga yenyewe ina watu karibu laki moja. Sensa ya New Zealand ya 2018 ilihesabu Watonga zaidi ya elfu 80 huko. Ukiongeza Australia na Marekani, walio nje ni wengi kuliko walio ndani. Dereva huyu ana ndugu wanne, na yeye peke yake ndiye aliyebaki. "Lazima mmoja awepo wa kupokea simu," akasema.

Ijumaa, Nukuʻalofa

Ikulu ni nyumba ya mbao nyeupe yenye paa jekundu, ya 1867, inatazama bahari. Kati ya 1978 na 1981 Hauʻofa alikuwa humo, naibu katibu binafsi wa Mfalme Tāufaʻāhau Tupou IV na mtunza kumbukumbu. Mwanafasihi mtani kuwekwa atunze nyaraka za mfalme! Mtu aliyetoa kazi hiyo alikuwa jasiri, au hakuwa amemsoma.

Pembezoni mwa mji, kwenye ardhi ya kinamasi, nilitembelea ʻAtenisi, taasisi iliyoanzishwa miaka ya 1960 na Futa Helu, msomi aliyesomea falsafa Sydney kwa John Anderson akarudi kufundisha Wagiriki wa kale na opera kwa vijana wa vijijini bila senti ya serikali wala kanisa. Helu alifariki 2010, na alifia Auckland. Huyu alikaa nyumbani akaileta dunia kinamasini, yule alitoka akatangaza kwamba nyumbani hakuna ukingo. Kwa kweli mimi namhusudu zaidi Helu, maana kukaa ni kugumu.

Jioni nilizungumza na mwalimu wa sekondari, mama wa makamo, aliyewahi kuwa mwanafunzi Suva. Nikamsifia makala ile ya 1993. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa namwamini kabisa," akasema. "Lakini mwanangu wa kwanza anaingia kila mwaka kwenye bahati nasibu ya viza ya New Zealand. Watu wa Niue na Visiwa vya Cook wanaingia kama raia. Sisi tunachomolewa kwenye kapu. Bahari ni kubwa kwa mwenye viza, kaka."

"Kwa hiyo Epeli alikosea?"

"Sikusema hivyo. Nasema alikuwa profesa."

Jumamosi, Niutōua

Haʻamonga ʻa Maui: nguzo mbili za jiwe la matumbawe, urefu kama mita 5, na jiwe la tatu limelazwa juu. Inahusishwa na Tuʻitātui, mtawala wa Tonga, mwanzoni mwa karne ya 13, zama ambazo pwani yetu nako Kilwa ilikuwa ikijengwa kwa jiwe la aina hiyohiyo. Mbuzi wawili walikuwa wanalala kivulini mwake. Watawala wa Tuʻi Tonga walipokea ushuru kutoka visiwa vya mbali, na hakuna aliyewaambia nchi yao ni ndogo.

Jumapili

Katiba ya 1875 inataka siku hii iheshimiwe. Maduka yamefungwa, ndege hakuna. Nimekula lū mara mbili.

Jumatatu, uwanja wa Fuaʻamotu

Mizani ya uwanja huu inapima ukoo. Familia nzima inasimama kuizunguka, mama anatoa kiazi kikuu kimoja kwenye mzigo wa mmoja anakitia kwa mwingine, mkeka unakunjuliwa na kukunjwa upya, na kila mtu ana ushauri. Maofisa wanafahamu, hawaharakishi.

Mbele yangu kuna kundi la vijana wanaokwenda kazi za msimu kwenye mashamba ya matunda New Zealand, mpango ulioanza 2007. Jaketi zao ni mpya na ni za aina moja. Mmoja, hajafika miaka ishirini na tano, amevaa taʻovala juu ya jaketi na hajui aivue kabla au baada ya ukaguzi. Anapelekwa Hawke's Bay kupogoa mitufaha. Aliposikia naishi Auckland akanisogelea.

"Kaka, baridi ikoje?"

"Inaumiza vidole kwanza."

"Na pesa?"

"Hesabu yako mwenyewe ifanye kabla hujaahidi mtu."

Akacheka, akaangalia nyuma. Baba yake, mama yake, shangazi wawili na mchungaji walikuwa wanampungia mkono, na nikahisi ahadi zimeshatolewa zote. Nikamwambia avae soksi mbili, asinunue simu kwenye duka la kwanza atakaloliona, na akipata Jumamosi ya mapumziko atafute faikava ya Watonga, mjini hapo hawezi kuikosa. Akauliza jina la ghala letu, kama wanaajiri. Nikamwandikia.